Paja Mlangoni kwa Gustave

Katika kijiji kimoja cha pande za Pinga, mahali ambapo pikipiki hufika ikiwa dereva ana moyo na mvua ina huruma, anaishi mwindaji aitwaye Floribert. Sasa ni mtu mzima, ndevu zimeingia mvi, na goti lake la kushoto humtangazia mvua kabla ya mawingu. Muulize mtu yeyote pale habari zake, atakujibu jambo lile lile: Floribert ni mtu wa haki. Kila mnyama aliyemuua, mkubwa kwa mdogo, paja moja la nyuma lilikwenda mlangoni kwa Gustave. Hata ule mwaka kijiji kizima kilipoikimbia milio ya bunduki na kulala msituni chini ya majani ya migomba, Floribert alizunguka kibanda kwa kibanda akimtafuta Gustave, paja begani. Watu walisema wema wa namna hiyo hauonekani tena siku hizi.

Sifa hizo zilimkaa Floribert kooni kama mfupa wa samaki. Watu husifu wanachokiona, nao walikuwa wameona paja tu.

Gustave alikuwa na mguu mmoja. Wa pili aliuacha hospitalini, chini kidogo ya goti, kwa sababu ya shimo la Floribert. Hilo kila mtu alilijua. Ambalo hawakulijua ni dogo sana kulisema, ila Floribert alikuwa amelibeba miaka na miaka pasipo kulisema kwa mtu, hata kwa mkewe Elisabeth, hata kwa Mungu. Akisali alikuwa anazunguka jambo lile kama mtu anavyozunguka nyoka njiani.

Katika msitu ule, mwenye kuchimba shimo la nguruwe pori karibu na njia ana sheria moja, ambayo mtoto huijua kabla hajajua kushika panga. Anafunga majani fundo pande zote mbili za njia, kwa kimo cha macho, ili mpita njia ajue kwamba hapa ni pa kuzunguka. Fundo si pambo. Fundo ni uhai wa mtu, na mwindaji asiyefunga fundo, wazee walikuwa wakisema, amewinda binadamu.

Lakini ulikuwa mwaka wa njaa. Watu wenye bunduki walikuwa wamejifunza kusoma msitu, na alama iliyowekwa kumlinda mpita njia ikawa inawaonyesha wezi nyama ilipo. Floribert alikuta mashimo yake yamevunwa mara kwa mara, damu imebaki na mnyama hayupo, na nyumbani watoto wanatazama mikono yake. Basi akachimba shimo jipya kwenye kijia cha zamani cha kwenda kijito, akapanda vijiti vilivyochongwa chini yake, akafunika vizuri. Alipofika pa kufunga fundo, alisimama na jani mkononi. Akajiambia kwamba njia ile haina mtu. Akalitupa jani, akaenda zake.

Kesho yake Gustave alipita pale.

Alibebwa kwenye kipoyi, machela ya miti na kamba za msituni, wanaume wakipokezana mabega mpaka hospitali. Alirudi baada ya muda mrefu, amekonda, fimbo kwapani. Hapo ndipo wanaume walipokutana barzani kusikiliza shauri. Chifu alimuuliza Floribert kama alifunga fundo. Floribert akasema alifunga, labda nyani walilichomoa, labda upepo. Gustave naye alipoulizwa kama aliliona, alijibu kwamba hakuangalia. Basi shauri likawa bahati mbaya. Wazee wa mila walimpeleka Floribert kwenye shimo lake na kuku mweupe, na kama desturi inavyotaka wakamuuliza tena mbele ya shimo kabla ya kisu, maana damu ya kuku huosha neno la kweli tu. Floribert akarudia uongo wake. Kuku akachinjwa, shimo likajazwa udongo, watu wakarudi nyumbani. Yeye peke yake ndiye aliyejua kwamba kuku yule alikufa bure.

Tangu hapo paja likaanza. Mguu kwa mguu, aliwaza. Hakuweza kumrudishia Gustave wake, basi atampa ya wanyama wote wa msituni mpaka Mungu aseme yatosha. Ni hesabu ya mtu aliyeumia, tusimcheke. Kila alipofika alilaza nyama juu ya jani la mgomba mlangoni, akasalimu, na mkewe Gustave, Mama Francine, alipomwambia aketi angoje chungu, Floribert alikuwa na udhuru: mbwa wamebaki peke yao, mvua inakuja, goti, mgeni. Kwao huko aliyeleta nyama huonja kwanza kutoka chungu kile kile. Asipoonja, nyama ile inakuwa faini, haiwi zawadi. Mama Francine aliujua kila udhuru wake kwa moyo. Miaka yote hiyo Floribert hakuonja hata mchuzi.

Na kanisani hivyo hivyo. Siku ya Meza ya Bwana, kikombe kilipopita kwenye benchi, Floribert aliinamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa kifua, akakiacha kipite. Elisabeth aliona. Mwanzoni alidhani kuna mwanamke mwingine Pinga mjini, akachunguza kimya kimya kama wake wanavyojua kuchunguza, asikute kitu. Siku moja akamuuliza.

"Tumbo inaniuma," Floribert akajibu.

"Papa, ni tumbo gani hii yenye inaumaka siku ya Meza tu?"

Elisabeth akamwekea maji ya kuoga, akaliacha neno lile lisimame peke yake uani. Alikuwa mwanamke mwenye subira, lakini subira yake ilikuwa na macho.

Mwaka huu mambo yakageuka. Mbwa wawili wazuri wa Floribert walikufa, mmoja kwa nyoka, mwingine kwa uzee. Goti likavimba. Alikwenda msituni akarudi na uyoga. Akaenda tena akarudi na kuni. Wiki zikapita bila paja kwenda kwa Gustave, na Floribert akaanza kuota lile jani alilolitupa. Ndani yake hofu ilikuwa inapanda kama maji ya kisima masika. Kama nguvu ya kulipa imekwisha, aliwaza, basi kosa limerudi zima, bichi, kama lilivyokuwa siku ile. Na Jumapili iliyokuwa inakuja ilikuwa ya Meza.

Alikwenda kwa Pasta Esdras. Huyu si mtu wa msitu. Amezaliwa Mushaki kwenye vilima vya Masisi, mahali pa maharagi na ng'ombe, na ingawa anaishi huku kwa miaka kadhaa bado hapendi miti inapozidi kumkaribia. Kijiji humtania kwamba hata kwenda haja anataka kuona upeo wa macho. Lakini ana jembe, na nyuma ya kanisa amefyeka kishamba cha maharagi kama cha kwao. Floribert alimkuta anapalilia, akaokota jembe la pili, akaanza mstari wa jirani.

"Pasta," Floribert akasema, macho kwenye udongo, "kama muntu alifanya mubaya, na iko nalipa kila wakati, kisha nguvu ya kulipa inaisha, ile zambi inarudia palepale?"

"Iko nalipa nani?"

"Ule mwenye alimufanyia."

"Na ule, alimuombaka ile malipo?"

Floribert alifikiri. "Hapana. Hasemake kintu. Anapokea tu."

Esdras aliegemea mpini wa jembe. Alikuwa na tabia ya kusugua paji la uso akitafuta neno, na mikono yake ilikuwa na udongo, kwa hiyo mahubiri yake mengine yalionekana usoni.

"Papa Floribert, nakuambia vile naelewa miye, na miye ni muntu wa maharagi tu. Kama muntu angeweza kujilipia zambi yake, Yesu hangekuja kufa. Angetutumia tu bei, kila muntu alipe yake. Alikuja mwenyewe juu aliona hatuwezi. Na pale ku musalaba hakulipa nusu, ati nusu ingine utamalizia weye na goti yako."

Floribert alisikia neno "goti yako" na kuelewa kwamba yule "muntu" wake hakuwa amefichwa vizuri.

"Sasa muntu anabakia na kazi gani?"

"Kusema ile kintu kwa jina yake. Kwa Mungu, na kwa ule mwenye aliumiza. Kile unaficha, unakishika weye mwenyewe. Yesu atakibeba namna gani, na mikono yako haitaki kuachilia?"

"Na ule muntu akikataa kusamehea?"

Esdras alisugua paji la uso, likapata udongo mwingine. "Siwezi kukudanganya ati atakukumbatia. Ana haki ya kulia, ana haki ya kukasirika. Mungu atakusamehea hata kama yeye bado. Lakini umuendee. Umuendee bila kintu mu mikono, juu ukienda na nyama, nyama njo itasema."

Mficha maradhi, wahenga walisema, kifo humuumbua. Floribert alimaliza mstari wake wa maharagi kwa sababu haifai kuacha mstari katikati, akamrudishia pasta jembe.

Jumamosi mchana alivaa shati safi. Elisabeth alimwangalia akivaa, akaangalia dari ambako nyama hutundikwa, hakuona kitu.

"Unaenda ku Gustave na nini?"

"Na miye tu," akasema.

Elisabeth akamfunga kifungo cha juu kilichokuwa kimemshinda.

Njia ya kwenda kwa Gustave ni fupi, lakini siku ile mikono ya Floribert ilikosa pa kukaa. Aliiweka nyuma, akaiweka mfukoni, akachuma jani akalitupa haraka kana kwamba limemuunguza. Gustave alikuwa ameketi nje, gogo mbele yake, anachonga kinu. Tangu apoteze mguu ndiyo kazi yake, na vinu vyake hutwangiwa mpaka vijiji vya mbali. Mama Francine alikuwa kando anatwanga sombe, majani ya mihogo. Alimwona Floribert, akaangalia mikono yake, kisha akaangalia nyuma yake.

"Leo paja haiko?"

"Haiko, Mama."

"Basi karibu, ikaa."

Hakukaa. Alijua kwamba akikaa ataanza na habari za mvua. Alisimama mbele ya Gustave kama alivyosimama barzani zamani zile.

"Gustave, sikufungaka fundo."

Patasi ikasimama.

"Sikusahau. Nilishika jani mu mukono, nikaitupa. Niliogopa bale ba bunduki bataiona, bakamate nyama. Ku barza nikasema nilifunga. Mbele ya kuku nikasema tena. Ilikuwa uongo. Muguu yako njo miye niliikata, haiko nyani, haiko upepo. Nyama yote niliyokuletea, nilikuwa naficha nayo ile jani. Naomba unisamehee. Na kama huwezi, naelewa."

Mama Francine alikuwa ameacha kutwanga. Gustave hakuinua kichwa. Alipangusa vipande vya mti kwenye mapaja yake, la mguu mzima na la mguu uliokatwa, polepole, mpaka vikaisha.

"Nilijuaka," akasema.

Floribert hakuelewa.

"Nilijuaka tangu ile siku. Miye ni muwindaji, Floribert. Mu pori napitaka na macho. Nilipita pale naangalia, na fundo haikukuwa."

"Lakini ku barza ulisema haukuangalia."

"Nilisema."

"Juu ya nini?"

Gustave alimtazama mkewe mara moja, kisha akatazama gogo. Sauti yake ikashuka.

"Juu na miye nilikuwa na shimo, ku ngambo ya mto. Bila fundo. Nilikuwa natoka kuiangalia ile siku nikaanguka mu yako. Tofauti ya weye na miye ni moja tu, mu yangu hakuangukaka muntu. Ku hospitali sikulala, nilikuwa naona batoto banaenda ku maji, banaanguka mule. Nilipofika huku, siku ya barza haijafika, nilijikokota mupaka kule, nikaijaza na mikono. Kisha nikakuja kukaa mbele ya chifu. Ningesema namna gani weye haukufunga?"

Mama Francine aliketi chini, palepale, mchi mkononi. Hakuwahi kulisikia hilo.

"Sasa usifikiri nilinyamaza juu ya wema," Gustave akaendelea, na hapo akainua macho, nayo yalikuwa na ukali. "Nilinyamaza juu ya aibu. Nilikuchukia. Kukusamehea kulikuja nyuma, na kulikuja pole pole. Kulikuwa siku nasema ndani yangu, imeisha, nimemuachilia. Kisha usiku ile muguu yenye haiko inaanza kuuma, asubui naamka na kisirani, nasamehea tena kuanzia mwanzo. Na nikimaliza tu, weye unatokea na paja."

"Nilitaka kulipa."

"Najua. Lakini munyama ana mwili muzima, ana mbavu, ana mugongo, na weye unachagua muguu. Kila paja ilinirudisha mu shimo."

Katika miaka yote ya kukata nyama na kuchagua lililo bora, jambo hilo halikuwahi kumpitia Floribert akilini.

"Na miye njo mwenye kupika," Mama Francine akasema kutoka chini alipoketi, machozi yanamtoka na sauti ni ya kugombeza. "Paja, paja. Kuna siku tulitamani maini tu."

Gustave akaanza kucheka. Alicheka kwa pua kwanza, kisha kwa mabega, na Floribert akajikuta anacheka pia, na katikati ya kicheko kikatoka kilio alichokifungia tangu siku ya kuku. Alilia amesimama, uso umefunikwa na viganja. Gustave hakumwambia anyamaze. Alivuta kigoda kwa ncha ya fimbo mpaka kikagusa miguu ya Floribert, na Floribert akakaa.

"Nimekusamehea," Gustave akasema. "Nakuambia na mudomo yangu, na Francine anasikia. Usilete kintu tena."

Mama Francine alikuwa bado anamtazama mumewe. Kuna kitu kilikuwa kinajipanga kichwani mwake.

"Njo maana na weye unapitishaka kikombe," akasema taratibu. "Uliniambiaka ati ni fimbo, ati utakimwaga."

Floribert akageuka. Gustave hukaa benchi la nyuma karibu na mlango kwa sababu ya mguu, naye Floribert hukaa mbele yake, na kila kikombe kilipopita kichwa chake kilikuwa kimeinama. Hakuwahi kuona kwamba nyuma yake kulikuwa na mwenzake ambaye naye hakunywa. Walikuwa wamekaa hivyo miaka yote, mmoja mbele na mwingine nyuma, kila mmoja akidhani ndiye mchafu peke yake katika nyumba ya Mungu.

"Nilikuacha unachinja kuku," Gustave akasema, na ukali wote ulikuwa umemtoka. "Batu banakuangalia vile unajaza shimo, na miye nimekaa pale kama muntu safi. Kila paja nilipokea, na nilijua. Sasa na miye, nani atanisamehea?"

Floribert alikuwa amekuja kuomba. Hakuwa amejiandaa kutoa, na mikono yake ilikuwa mitupu kama pasta alivyotaka. Alifikiri maneno ya Esdras, lakini hayakuja. Alifikiri ya wazee wa mila, hayo nayo yakakataa. Akanyoosha mkono akaushika ule mguu uliokatwa, juu ya suruali iliyokunjwa, mahali ambapo kwa miaka yote macho yake hayakuthubutu kutua. Ulikuwa na joto, kama mguu wowote.

"Nimekusamehea, kaka," akasema. "Miye, mwenye kukukata, nimekusamehea. Na Yesu alituona bote wawili."

Gustave akaweka kiganja chake juu ya kile cha Floribert. Walikaa hivyo mpaka Mama Francine alipoinuka, akajipangusa uso kwa kanga, akawaambia sombe haijipiki yenyewe. Hakukuwa na nyama siku ile. Kulikuwa na sombe yenye mawese, pilipili na bugali wa mihogo. Aliwamwagia wote wawili maji ya kunawa, akaweka sahani moja katikati, naye Floribert hakuwa na mbwa wa kwenda kutazama wala mvua ya kukimbia. Alikula mpaka Mama Francine akaridhika, na kumridhisha Mama Francine si kazi ndogo.

Jumapili Floribert alipita kumchukua Gustave. Walikwenda kwa mwendo wa fimbo, wakachelewa, wakakuta watu wameshaanza kuimba. Elisabeth aligeuka akamwona mumewe hakuja mahali pake pa kawaida. Amekaa nyuma kabisa, bega kwa bega na Gustave. Hakuelewa yote, hayo aliambiwa baadaye, lakini alianza kulia kabla ya kuambiwa. Pasta Esdras alishuka na kikombe, benchi kwa benchi, polepole, akiangalia kisimwagike. Alipofika benchi la nyuma alikuta mikono minne imenyooshwa inamngoja.